Chumba cha Mshunami

Sisi akina mama wa nyumba za kupanga tunajua uzito wa mwisho wa mwezi: kodi kwanza, unga baadaye.

Katika miaka ya 1970, Baraza la Jiji la Nairobi lilipima viwanja vipatavyo 6,000 huko Dandora kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Viliwekewa maji, choo na bafu. Vyumba, wenyewe walijijengea kidogo kidogo, na vingine wakavipangisha ili walipe deni.

Leo, kwa sheria ya 2024, mishahara yetu na ya waume zetu hukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Basi tuna haki ya kuuliza: mjane asiye na mshahara ataingia mlango gani?

Mwanamke Mshunami alipomwandalia Elisha chumba, hakuishia kwenye kuta. Aliweka kitanda, meza, kiti na taa. Mama mgonjwa au mzee naye anahitaji maji, zahanati na jirani wa kumjulia hali.

Tuwaambie hayo wawakilishi wetu wa wodi kabla bajeti ya kaunti haijapitishwa. Lakini jirani mwema hatoki katika bajeti. Hutoka nyumbani mwetu.