Bibi yangu kwenye ukuta wa New York

Mwenzangu, baridi ya New York isikie tu kwa watu! Ilikuwa Desemba 2019, nimejifunga skafu mpaka puani, naelekea Metropolitan Museum pale Fifth Avenue. Hamu yangu ilikuwa kuingia ndani nipate joto. Nikajikuta nimeganda nje, kwenye ngazi.

Mbele ya jengo hilo kuna vishubaka vinne vikubwa. Ukuta huo ulikamilika mwaka 1902, vishubaka vikingoja sanamu, vikakaa vitupu miaka 117. Aliyekuja kuvijaza ni mwanamke mweusi, Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi. Septemba 2019 aliwakalisha humo wanawake wanne wa shaba nyeusi.

Majengo mengi ya Kizungu yana sanamu za wanawake waliobebeshwa paa kichwani. Hawa wa Wangechi hawajabeba kitu. Wamekaa, mgongo umenyooka, mavazi yamewazunguka pete juu ya pete. Kila mmoja ana kisahani kinachong'aa kichwani au usoni. Wazo hilo msanii alilitoa kwenye mapambo ya wanawake wa Kiafrika wenye hadhi, pamoja na yale ya mdomoni.

Hapo kwenye mdomo ndipo nguvu ziliponiishia. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmakonde wa Newala, na mdomo wake wa juu alivaa ndonya. Kwa wasichana wa enzi zake, huo ndio uliokuwa urembo wenyewe. Siku moja alikuja kuniona shuleni, Dar. Wenzangu wakacheka, wakauliza yule ni nani. Nikajibu, "Jirani yetu." Nadhani alisikia. Hakuniuliza kitu, na mpaka anafariki sikumwomba radhi.

Na leo watu wa dunia nzima wamesimama kwenye baridi, wanapiga picha urembo ule ule nilioukana!

Sanamu zilishushwa mwaka 2020. Picha niliyopiga iko mezani kwangu ofisini, pembeni ya picha ya Bibi, ndonya yake ikionekana vizuri tu. Wageni wakiuliza, nawajibu kwa jina lake.

Dada, sikwambii ukatoboe mdomo. Ila kabla hujapaka krimu ya kubadili rangi, jiulize nani alikwambia uso wako una kasoro. Na kama bibi yako yupo hai, mpigie simu leo. Mimi nilichelewa.