Tulipoezua Nyumba ya Konde

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba nayaandika haya nikiwa chini ya paa lisilovuja. Waliotuona mwaka 2024, kuta zimesimama na juu yake hakuna kitu, mpaka leo wanatuuliza tulivukaje. Nimeona niyaseme yote, kwa kuwa Pemba hii zimo nyumba nyingi zilizoezekwa bati wakati mmoja na yetu, na wenyewe watakutana na jambo hili leo au kesho.

Nyumba iko Konde, njia ya kwendea msitu wa Ngezi. Marehemu baba aliijenga kwa mawe na udongo, akaipaka chokaa, akaiezeka kwa makuti: makombamoyo, fito na kamba za usumba. Kila baada ya miaka michache wanaume wa kijiji walikusanyika, makuti ya zamani yakashushwa, mapya yakapanda. Karafuu zilipomjalia akanunua bati, na mikusanyiko ile ikaisha. Sisi watoto wake tukakua tukiamini bati ni la milele. Kumbe bati la kawaida ni chuma kilichopakwa zinki, na hewa ya chumvi huila zinki hiyo taratibu, kwanza palipopita msumari, kisha pale bati lilipolalia bati jenzake, ambapo unyevu hukaa na jua halifiki. Tuliziba kwa lami mwaka hadi mwaka. Siku moja fundi alipanda kuziba tena, mguu wake ukapenya. Akashuka akaniambia, "Bi Mwalimu, pa kuziba hapapo tena. Hili la kuezua."

Fedha hazikuwa mahali pamoja. Mama alikuwa na za karafuu alizoliuzia shirika la biashara la serikali, ZSTC, mimi nilikuwa na hisa zangu katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na kaka aliyeko Maskati aliahidi kumalizia. Anayesema karafuu peke yake itamwezekea nyumba siku hizi namwambia asiitegemee. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Hukupa msimu mmoja ukakunyima unaofuata, na kutu haipumziki msimu wowote.

Kwetu muda wa kuezua ni Januari na Februari, kaskazi inapovuma na jua limekaza. Machi ikiingia, masika yako mlangoni, na Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja. Tulipanga Januari. Mbao tuliagiza za msonobari zilizotiwa dawa, zile za msitu wa Sao Hill kule Mufindi, maana boriti za mikoko haziruhusiwi kukatwa ovyo, na mti usiotiwa dawa hapa kwetu ni chakula cha mchwa. Mwenye nyumba wa Pemba lazima alihesabu hili tangu mwanzo: ukitoa makuti, karibu kila kinachopanda juu ya paa lake kimevuka bahari. Mzigo wetu ulikwama ng'ambo, mara chombo kimejaa, mara bahari imechafuka. Uliposhushwa Wete, Februari ilikuwa imekwisha.

Mabati nayo yakaja na mtihani wake. Tulilipia geji 30. Fundi alilishika la kwanza, akalibonyeza ukingoni kwa vidole, akatikisa kichwa: "Hili 32." Kwa asiyejua, namba ya geji ikipanda bati linazidi kuwa jembamba, la 28 ni nene kuliko la 30, na la 30 ni nene kuliko la 32. Bati jembamba karibu na bahari ni hasara, hata kama bei yake inafurahisha. Muuzaji simtaji. Tulirudi kwake na risiti iliyoandikwa geji, urefu na idadi ya mabati, naye akabadilisha. Risiti ingeandikwa "mabati" tu, tusingekuwa na la kusema. Kwa hiyo nasisitiza: isome chapa iliyopigwa kwenye bati lenyewe kabla halijapakiwa garini. Na unapohesabu mabati, kumbuka kwamba bati hulalia jenzake. La mawimbi la kawaida likishalaliana hufunika upana wa kama sentimita 76 tu. Anayepima kwa upana wa bati zima atapungukiwa kazi ikiwa katikati, na duka liko ng'ambo ya maji.

Na fundi tuliandikiana mbele ya sheha. Malipo yaligawanywa: kiasi cha kuanzia, kiasi kenchi zikishasimama, na kilichobaki kofia ya paa ikishafungwa. Tuliandika pia kwamba mbao zikikutwa mbovu, za kuongeza ninunue mimi na ujira usibadilike mpaka tukae tuzungumze. Mstari huo mmoja ndio uliotuepusha na ugomvi.

Siku ya kuezua haina upole. Tuliamka alfajiri, tukatoa magodoro, vyombo, misahafu na vyeti vya watoto, tukavipeleka kwa majirani. Kabati na samadari la mama havikupita mlangoni, tukavifunika kwa turubai. Misumari iliyoshika kutu kwa miaka haitoki kwa kubembelezwa. Nyundo na mtaimbo vililia kutwa, na kila bati liliposhuka lilishuka na masizi ya jiko, kinyesi cha popo na vumbi lililotuingia mpaka kooni. Misumari iliruka kila upande. Mtoto wa jirani alikanyaga mmoja, tukamkimbiza kituo cha afya akapigwa sindano ya pepopunda. Baada ya hapo kijana mmoja alifunga sumaku ya spika mbovu kwenye kamba, akawa anaiburuta uani kila jioni, na kila jioni ilijaa. Uani kwetu ndiko tunakoanika karafuu na ndiko watoto wanakotembea peku, kwa hiyo sumaku ile naihesabu miongoni mwa vifaa muhimu vya kazi nzima.

Mama alikataa kuondoka. "Mie kwangu sitoki," alisema, akajikalia kwenye banda la jiko uani na tasbihi yake. Nilimwambia, "Mama, bati likianguka?" Akajibu, "Litakuwa limeangukia kwangu." Mzee hahamishwi kwa amri. Tulimtandikia huko huko jikoni mchana, na usiku jirani alikuja kumchukua mwenyewe, kwa adabu, kana kwamba anamwalika harusini, naye akaenda.

Ukishaondoka uchovu wa kuezua, ndipo mbao zinaposema. Mwamba wa upande wa kusini ulionekana mzima. Fundi aliugonga, ukatoa sauti ya kitu kitupu. Akauchoma kisu, kikazama mpaka kwenye mpini. Mchwa walikuwa wamepanda ndani ya ukuta, wakala mwamba, wakaingia kwenye kenchi kadhaa. Kichwa cha ukuta nacho kilikuwa kimelegea, kikahitaji kujengwa upya kwa saruji kabla ya kubeba chochote. Gharama ikapanda kuliko uwezo wetu wa siku ile. Nyumba iko wazi, mafundi wanasubiri mbao, Ramadhani ya Machi inaingia, na mawingu ya masika yanajikusanya. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa wiki ile.

Mvua ilikuja usiku, kipaa cha mbele kikiwa kimeezekwa na kipaa cha nyuma kikiwa na fito tupu. Tulikuwa tumetandika turubai juu yake, lakini turubai lililolegea hukusanya maji katikati, na maji yakishakuwa mazito hulipasua. Lilipasuka. Majirani walitoka na tochi kabla hatujaita mtu. Wanaume walipanda kuvuta kilichobaki, wanawake tukafagia maji yasikae kwenye misingi. Ukuta wa mawe na udongo ukishalowa kutokea juu hauna nguvu. Kiambaza cha chumba cha kati kilivimba, na alfajiri kikalala chini. Hakuna aliyelala chumba kile, alhamdulillahi.

Jirani alituletea daku, wala sikuweza kula. Mama aliletwa akaona kiambaza kimelala. Nilitegemea alie. Akanishika mkono akasema, "Nyumba hii ilikuwa ya makuti, ikavuja, babako akaezeka. Na weye ezeka." Mimi ndiye niliyelia.

Tulivuka kwa watu, baada ya Mungu. Kikundi chetu kina mfuko wa jamii, pesa kidogo kidogo tunazotenga kila tukikutana kwa ajili ya maradhi na maafa. Walikaa mchana ule ule wakaufungua. Walimu wenzangu wakachanga. Kaka akatuma tena kutoka Maskati. Vijana wa jirani, wamefunga na jua limewawakia, waliusimamisha upya ukuta wa chumba cha kati bila kudai ujira. Futari ilikuwa ikiletwa kwa zamu, na mafundi walifuturu pamoja nasi barazani.

Fundi naye nina haki ya kumsifu kwa kazi. Kenchi alizifunga kwenye mwamba kwa mikanda ya chuma, si kwa msumari peke yake. Mabati alianza kuyapandisha kutoka ncha ya kaskazini kuelekea kusini, ili la upande wa kusi lilalie la nyuma yake, upepo wa mvua usipate mdomo wa kuingilia. Msumari aliupiga juu ya mgongo wa bati, wala si bondeni ambako maji hupita. Ukingoni mwa paa alizidisha misumari, kwa sababu upepo huanza kung'oa paa kutokea ukingoni. Msaidizi wake alipotaka kukata bati kwa mashine ya kusaga chuma alimzuia akampa mkasi, akaeleza kwamba cheche zile hutua juu ya bati jipya na kuacha vidoa vya kutu kabla mwaka haujaisha. Simama hapo chini uyaangalie mambo haya. Fundi mwema hatachukia.

Kofia ya paa ilifungwa kabla ya Idi. Mwanzoni mwa Mei zikaja habari za kimbunga Hidaya, safari za baharini zikasimamishwa, na redio ikawa haizimwi. Wazee wetu hutaja kimbunga cha Aprili 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha salama kwa kiasi kikubwa ya Pemba, lakini nani ataijengea nyumba yake juu ya bahati ya mwaka 1872? Hidaya ilipungua nguvu upande wa Mafia. Konde tulikesha tukisikiliza paa, na paa halikusogea.

Zipo taabu ndogo za baada ya kazi. Bati huleta joto ambalo makuti hayakuwa nalo, kwa hiyo tuliacha matundu ya hewa kwenye visusi na kuyaziba kwa wavu, na dari tumeiacha mpaka fedha zipatikane. Maji ya mvua za mwanzo tuliyaacha yapite, maana bati jipya hutoka na mafuta na vumbi la kiwandani. Baada ya hapo ndipo tulipoweka tangi.

Ndugu yangu ambaye bati lako limeanza kuonesha vitone vya mwanga, mwite fundi Novemba. Mpandishe akachome mbao zote kwa kisu, aguse mwamba mpaka kwenye pembe, na mzigo wako uwe umeshashuka Wete au Mkoani kabla Januari haijaingia. Weka kando fedha za mbao usizoziona. Na weye mwenye paa zima, jirani yako akiezua, nenda siku hiyo hiyo ukamwulize mama yake atalala wapi.