Betri ya Moyo na Chumba cha Sumaku: Kumbukumbu za Kazi ya Mionzi Kilosa na Mikumi

MRI haipigi picha kwa mionzi bali kwa sumaku na mawimbi ya redio. Mashine iliyoenea zaidi hospitalini ina nguvu ya tesla 1.5, takriban mara 30,000 ya sumaku ya dunia, na haizimwi usiku wala sikukuu. Mgonjwa mwenye betri ya moyo, yaani kifaa kilichopandikizwa kifuani kuendesha mapigo kwa waya uliofika moyoni, akiingizwa humo hukabiliwa na mambo matatu. Sumaku kuu huweza kukivuta kifaa au kukibadilisha namna ya kufanya kazi. Koili zinazogongagonga kwa kelele huweza kuzalisha umeme kwenye waya. Betri ikiudhania kuwa pigo la moyo, hunyamaza. La tatu ndilo linaloogopwa zaidi: waya hupokea mawimbi ya redio kama antena, na joto likakusanyika kwenye ncha iliyogusana na nyama ya moyo.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikuwa mteknolojia wa mionzi wilayani Kilosa, na miaka yake yote kazini MRI ilikuwa jambo la rufaa: ama Muhimbili, ama Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Betri nazo wagonjwa waliwekewa mbali, wengi wao katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 palepale Muhimbili. Walirudi Kimamba au Mikumi na kadi ndogo yenye jina la kiwanda, modeli ya betri, modeli ya nyaya na tarehe ya upasuaji. Kadi hiyo ndiyo inayoulizwa kwanza kwenye mlango wa MRI. Lakini Mto Mkondoa upitao Kilosa ukifurika, karatasi hazisalimiki.

Hapo ndipo eksirei ya kawaida ya kifua, inayodharauliwa na wengi, ilipokuwa na kazi. Huonyesha kifaa chini ya mtulinga, idadi ya nyaya, ncha zilipo, na mara nyingi alama ya kiwanda inayosomeka kwenye filamu. Mzee mmoja wa Mikumi aliyesumbuliwa na mgongo alisema ana waya mmoja tu. Picha ilionyesha mbili, na wa pili haukuunganishwa popote: uliachwa ndani betri ya kwanza ilipobadilishwa. Waya wa namna hiyo huweza kupata joto kuliko uliounganishwa, na mgonjwa mwenyewe hana habari nao. Maelezo hayo yaliandikwa kwenye fomu ya rufaa kwa herufi kubwa.

Kwa miongo kadhaa jibu kwa mwenye betri aliyehitaji MRI lilikuwa katazo tupu. Mwaka 2011 Marekani iliidhinisha betri ya kwanza inayoruhusiwa MRI kwa masharti, miaka michache baada ya Ulaya. Ruhusa hiyo ni ya betri pamoja na nyaya zilizojaribiwa nayo. Betri mpya ikifungwa kwenye waya wa zamani, ruhusa haipo tena, hata kadi iseme nini. Hata hivyo utafiti wa MagnaSafe, uliochapishwa mwaka 2017, ulifuatilia vipimo 1,500 vya sehemu nyingine za mwili, si kifua, kwa wenye vifaa visivyo na ruhusa hiyo. Hakuna aliyefia kwenye kipimo. Utafiti huo hausemi kwamba hatari haipo. Utaratibu wake ulidai vifaa vikaguliwe na kurekebishwa kabla ya kipimo, na mgonjwa aangaliwe muda wote.

Kabla ya kipimo, mtaalamu wa moyo hukagua betri kwa kompyuta yake. Mgonjwa asiye na mapigo yake mwenyewe, betri yake huwekwa ipige mfululizo bila kusikiliza moyo. Kwa mwenye kifaa cha kushtua moyo badala ya betri ya kawaida, sehemu ya kushtua huzimwa, na mashine ya nje ya kushtua huwekwa tayari. Kwa kawaida husubiriwa wiki 6 tangu upasuaji, ili nyaya zishike. Wakati wa kipimo hutazamwa mapigo na oksijeni. Kumsikia mgonjwa akiitikia kwenye spika hakutoshi.

Afisa tabibu anayeandika rufaa ana swali la kutangulia yote hayo: je, kipimo cha CT hakitoshi? Kwa kiharusi cha ghafla au jeraha la kichwa, ambalo barabara kuu ya Mikumi hulileta kila mara, CT hujibu mengi, na betri haiizuii. Uti wa mgongo unaobanwa ni shauri jingine. Huko MRI haina mbadala mzuri.

Baada ya kipimo betri hurudishwa kwenye mpangilio wake na kukaguliwa tena kabla mgonjwa hajapanda basi la kurudi. Kifaa cha kushtua kikisahaulika kimezimwa, hakuna wa kukiwasha Mikumi.