Mikono Miwili: Maisha ya Mlinda Mlango wa Shangani

Kazi ya ulinda mlango katika soka la Tanzania imebadilika kiasi kwamba mtu aliyedaka katika viwanja vya kusini mwa nchi tangu miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kama alivyofanya mwandishi wa kurasa hizi, hulazimika kueleza kwanza kazi hiyo ilikuwa nini kabla hajaeleza aliifanyaje. Siku hizi kipa husifiwa kwa pasi zake kuliko kwa mikono yake, na timu kubwa za Dar es Salaam zimewakabidhi wageni malango yao: Djigui Diarra wa Mali alianza kudakia Yanga mwaka 2021, na Moussa Camara wa Guinea akajiunga na Simba mwaka 2024. Hao ni makipa hodari na hawastahili kuonewa wivu. Hata hivyo, kijana wa Kitanzania anayekaa benchi nyuma yao hupoteza kitu ambacho mazoezi hayawezi kumrudishia, kwa sababu kudaka mpira katikati ya watu hujifunzwa ndani ya mechi, na kusipotumiwa katika mechi husahaulika.

Mwandishi alizaliwa Shangani, eneo la ufukweni katika mji wa Mtwara, mji uliokua kutokana na mpango wa karanga wa serikali ya kikoloni ya Uingereza, ambao ulianza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ukabakiza bandari yenye kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea ambayo baadaye iling'olewa. Utoto wake ulipita baina ya shule, madrasa na chandimu, yaani mpira usio na refa wala idadi maalumu ya wachezaji, uliochezwa kwenye mchanga mgumu unaojitokeza maji yanapokupwa. Aliwekwa golini kwa sababu ya urefu wake, na akabaki golini kwa sababu alipapenda.

Mtu aliyemfanya kipa alikuwa mzee mmoja, karani wa ghala la korosho, aliyewahi kudakia timu za misheni katika ujana wake na ambaye vijana wote wa mtaani walimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kusimama mbele ya darasa wala kuwa na cheti chochote cha ukocha. Mwalimu alishikilia kwamba goli lenye upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44 haliwezi kulindwa na mtu anayesubiri mstarini, na kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kipa hufanywa kabla shuti halijapigwa. Kwa sababu hiyo aliutumia muda wake mwingi kufundisha krosi, ambayo ni mpira wa juu unaopigwa kutoka pembeni kuja mbele ya goli, na ambayo humtoa kipa kwenye mstari wake na kumwingiza katikati ya mabega, viwiko na vichwa vya watu wengine.

Kanuni yake ilikuwa kwamba mpira unaofikiwa kwa mikono miwili hudakwa, na kwamba ngumi hutumika tu pale ambapo mkono mmoja ndio unaoweza kufika. Ili kuitia kanuni hiyo mwilini, aliuchovya mpira wa ngozi baharini hadi ukanywa maji na kuwa mzito, kisha akaurusha juu ya vichwa vya vijana watatu walioagizwa kumsukuma kipa kwa mabega, naye kipa, ambaye hakuwa na glovu, alipaswa kuruka kwa mguu mmoja huku goti la pili likiwa juu kumkinga, akaupokea mpira mbele ya paji la uso mikono ikiwa imenyooka, vidole vikiwa vimetanuka na vidole gumba vikikaribiana nyuma ya mpira, kisha akaushusha kifuani kabla miguu yake haijagusa chini. Kipa alitakiwa pia apaze sauti kabla hajaruka, na neno lililoruhusiwa lilikuwa "Kipa!" peke yake, kwa kuwa mchezaji yeyote, hata wa upande wa pili, anaweza kusema mpira ni wake, lakini kipa katika eneo hilo ni mmoja, na beki anayemsikia huondoka njiani bila kugeuka kutazama. Upepo wa kusi, unaovuma pwani hiyo katika miezi ya katikati ya mwaka, uliongeza ugumu wa somo, kwa maana krosi inayopigwa kuukabili hukawia hewani na inayosukumwa nao humpita kipa aliyekadiria kwa mazoea. Mwalimu alifundisha kwamba kipa asianze kukimbia mpira unapoondoka mguuni mwa mpigaji, bali auache upande kwanza, ausome, ndipo atoke, na akishatoka asirudi nyuma.

Kwa elimu hiyo mwandishi alidakia timu za wafanyakazi wa Mtwara kwa miaka mingi, akicheza katika Uwanja wa Nangwanda Sijaona na katika viwanja vya mikoa mingine ambavyo kuvifikia kulikuwa kazi kubwa kuliko mechi zenyewe. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika yalipoikata barabara mikoa ya Mtwara na Lindi ilitenganishwa na nchi nzima. Timu ilifika Dar es Salaam ikiwa imechoka na kucheza mbele ya wateuzi wa timu ya taifa ambao nao hawakuwa na njia rahisi ya kuja kusini. Taifa Stars ilipokwenda Lagos kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980, Juma Pondamali akiwa kipa, na kutoka sare ya 1-1 na Ivory Coast baada ya kufungwa na Nigeria na Misri, makipa wa kusini walizifuatilia mechi hizo kwenye redio. Pondamali alistahili nafasi yake bila shaka yoyote. Linalosemwa hapa ni kwamba kusini hakukuangaliwa.

Mgogoro uliotawala sehemu ya mwisho ya maisha ya mwandishi uwanjani ulitokana na kanuni hiyohiyo ya mikono miwili. Kocha mmoja aliyetoka mafunzoni, ambaye hapana haja ya kumtaja, aliagiza kila krosi iliyofika ndani ya kumi na nane, kama wachezaji wanavyoliita eneo la adhabu kwa hesabu ya yadi zake, ipigwe ngumi au ipanguliwe, yaani igeuzwe njia bila kushikwa, kwa hoja kwamba mpira ulioguswa kwa ngumi hauwezi kuponyoka. Mwandishi alikataa, akawekwa benchi, na nafasi yake ikachukuliwa na kijana aliyepiga ngumi kila kitu na kushangiliwa na jukwaa. Hoja ya kocha huyo haikuwa sahihi wakati ule, na miaka iliyopita haijaifanya kuwa sahihi. Ngumi nzuri ndani ya msongamano huupeleka mpira karibu na ukingo wa kumi na nane, mahali ambapo kiungo wa timu pinzani amesimama uso wake ukitazama goli, huku kipa akiwa angali nje ya mstari wake. Mpira uliodakwa huyamaliza mashambulizi, huwapumzisha mabeki na huiwezesha timu kuanza upya kwa kurusha mbele. Kupangua kunakorudisha mpira miguuni mwa adui si ulinzi, hata uwanja mzima ukipiga makofi.

Makocha wa sasa wana hoja nyingine, kwamba mipira ya kisasa ni myepesi na huyumba hewani, wakitoa mfano wa Jabulani wa Kombe la Dunia la mwaka 2010 uliolalamikiwa na makipa wengi. Hoja hiyo ina uzito kwa mashuti ya mbali, kwa sababu mpira unaopigwa kwa nguvu bila kuzunguka ndio unaoyumba. Krosi nyingi huzunguka, na mpira unaozunguka hufuata mkunjo ambao kijana aliyezoezwa anaweza kuusoma. Vijana wanaodakia timu za Mtwara leo wanapaswa kuambiwa hivyo waziwazi, kwa sababu wamepewa glovu ambazo Mwalimu hakuwahi kuziota na bado wanafundishwa kuuogopa mpira. Sheria ya mwaka 1992, iliyomkataza kipa kushika kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa makusudi na mguu wa mwenzake, iliwalazimisha makipa kujifunza miguu, na hilo lilikuwa jema kwa mchezo, lakini haikumwondolea kipa wajibu wa kushika ule unaoletwa na adui. Tangu katikati ya mwaka 2025 kipa anayekaa na mpira mikononi kwa zaidi ya sekunde nane huwapa wapinzani kona, na wako wanaodai kwamba sheria hiyo imeipunguzia thamani kazi ya kudaka. Sekunde nane zinatosha kwa kipa kuanguka na mpira, kuinuka, kutazama pande zote mbili na kumrushia winga aliye huru, ilhali anayeupangua mpira nje kwa hofu huitoa kona hiyohiyo papo hapo.