Pumzi Hurudi Mapema Kuliko Kano

Mji wa Bujumbura huamka mapema siku ya Jumamosi. Kabla jua halijachomoza juu ya vilima vya mashariki, wakazi wengi wamekwisha kutoka majumbani. Wako wakimbiao kuelekea ufuko wa Ziwa Tanganyika, wako wapandao mwinuko wa Kiriri, na wako waliobeba majembe kwenda kwenye kazi za pamoja za mtaa. Desturi ya mbio za Jumamosi haikukoma hata katika miaka ya vita vilivyoanza mwaka 1993, ambapo watu waliona ni salama zaidi kukimbia kwa makundi. Mwaka 2014 mbio za makundi barabarani zilipigwa marufuku mjini, na michezo ya vikundi ikaelekezwa viwanjani; lakini mapenzi ya mbio hayakufa.

Miongoni mwa watu hao, mwenye kustahili kuhofiwa zaidi si mzee aendaye polepole, wala kijana afanyaye mazoezi kila siku. Ni yule aliyekuwa hodari zamani, akapumzika miezi kadhaa, kisha akarudi. Pengine ni askari aliyehamishiwa kazi ya ofisini, au polisi aliyeugua malaria, au mama aliyejifungua, au kijana wa Buyenzi aliyeacha mpira kwa mwezi mzima wa Ramadhani. Akili yake inakumbuka mwendo wa zamani, na huutaka mwendo huo huo siku ya kwanza.

Kosa hilo lina sababu. Moyo na mapafu huanza kuzoea mazoezi katika majuma machache tu, na mtu hujiona amekwisha kupona. Lakini kano, yaani zile nyuzi ngumu zinazounganisha msuli na mfupa, hupata damu kidogo kuliko msuli, na kwa hiyo huimarika kwa miezi, si kwa siku. Pumzi husema "twende", nayo kano ya kisigino bado haijawa tayari. Hiyo ndiyo kano ambayo hukatika hasa kwa wanaume wa miaka thelathini hadi hamsini wachezao mara moja moja. Ikikatika, mtu aweza kukaa nusu mwaka au zaidi asikimbie. Baba wa namna hiyo hashindi zamu, hapandi ngazi, wala hachoti maji. Mzigo wake wote humwangukia mkewe na watoto.

Wengi hudhani kwamba katika mji wa joto kama Bujumbura hakuna haja ya kuupasha mwili. Joto la hewa hutoa jasho tu. Halipeleki damu katika misuli ya mapaja wala halilainishi magoti. Kazi hiyo hufanywa na mwendo. Ni kweli kwamba huku bondeni dakika kumi zatosha, na kwamba askari aliyeko Muramvya au Mwaro, ambako alfajiri ina baridi, hana budi kuongeza.

Wengine huinama, wakashika vidole vya miguu, wakatulia hivyo, wakaamini wamekwisha kujikinga. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2000, uliofanywa kwa askari wapya 1,538 wa jeshi la Australia, ulionyesha kwamba kunyoosha misuli kwa kutulia kabla ya mazoezi hakukupunguza majeraha ya miguu. Kilichotofautisha askari na askari ni uzima wa mwili wake siku alipoanza. Kwa upande mwingine, mwaka 2008 ilitolewa taarifa ya wasichana 1,892 wacheza mpira wa Norway. Wale waliofundishwa kuanza kwa mbio nyepesi, mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara kwa mguu mmoja, kwa muda wa dakika ishirini hivi, walipata majeraha pungufu kwa karibu theluthi moja.

Utaratibu ufaao ni rahisi. Kwanza kutembea kwa haraka dakika tatu, kisha mbio nyepesi dakika nne au tano, mpaka pumzi ianze kupanda. Halafu kuzungusha mabega na nyonga, kuinua magoti, kurusha mguu mbele na nyuma, kuchuchumaa mara kumi, na kuinuka kwa ncha za vidole mara kumi na tano. Mwisho mbio fupi tatu, kila moja kali kidogo kuliko iliyotangulia. Mwenye jembe naye asidharau: atembee, azungushe kiuno, aanze kwa udongo laini, ndipo mgongo uupokee mzigo.

Lakini joto peke yake halimwokoi mtu mwenye pupa. Majuma mawili ya kwanza, anayerudi akimbie nusu ya umbali aliouzoea, tena kwenye tambarare, na apumzike siku moja kati ya mbio na mbio. Mwinuko wa Kiriri utamngoja.

Kinachowashinda wengi ni aibu. Mkubwa hapendi kuachwa nyuma na askari wapya, na baba hapendi mwanawe amwone akitembea. Hata hivyo Vénuste Niyongabo, aliyeipatia Burundi medali yake ya kwanza ya Olimpiki kwa kushinda mita 5,000 huko Atlanta mwaka 1996, alitoka katika kazi ambayo ndani yake hakuna bingwa aonaye haya kuanza kwa mwendo wa chini.

Na ikiwa jeraha limetokea, mtu aache mara moja. Aweke barafu iliyofungwa kitambaani kwa robo saa, ainue mguu, wala asikubali kukandwa kwa nguvu au kwa maji ya moto siku hiyo. Asiyeweza kupiga hatua nne, au aliyesikia mlio kisiginoni, apelekwe hospitali bila kungoja Jumatatu.

Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Familia yenye mtu anayerudi mazoezini yafaa imkumbushe neno hilo kabla hajafunga kamba za viatu.