Kabla ya Kuuliza BTU Ngapi, Ipime Nyumba

Houston na Dar es Salaam ni ndugu kwa unyevu. Mwezi Julai hapa Texas, ukifungua mlango saa tatu asubuhi miwani inafunikwa na ukungu na shati linaganda mgongoni, kama vile uko Kariakoo mwezi wa pili. Kwa hiyo nikisikia nyumbani wakisema mambo ya AC ya Marekani hayatuhusu, sikubaliani nao. Yapo tunayopaswa kuyachukua, na yapo ambayo nawaomba tuwaachie wenyewe.

La kuchukua ni namna ya kupima. Nyumba tunayokaa ilipohitaji mashine mpya, fundi alikuja na tepu na kishikwambi. Alizunguka nje akiandika madirisha yanayotazama magharibi, akauliza tunalala wangapi, akapanda juu ya dari na rula kupima unene wa sufi ya kuzuia joto. Vipimo hivyo vinaingizwa kwenye hesabu iitwayo Manual J, na kanuni za ujenzi za sehemu nyingi za Marekani zinataka ukubwa wa mashine utokane nayo. Jibu hutolewa kwa tani, na tani moja ni BTU 12,000 kwa saa. Si mafundi wote wa hapa wanaojisumbua hivyo. Wengi bado wanachukua futi za mraba, wanagawa kwa 500, wanaandika tani. Lakini mteja anayejua haki yake huomba karatasi ya hesabu, na hupewa.

Dar, fundi husimama mlangoni, hutupa jicho ndani, kisha husema, "Hapa weka BTU 18, mama, isije ikachoka." Ndivyo dada yangu wa Tegeta alivyowekewa AC ya BTU 18,000 kwenye chumba cha mita tatu na nusu kwa nne. Chumba kilipoa haraka, wageni wakasifia. Miezi ikapita, nguo za kabatini zikaanza kunuka uvundo, na nyuma ya kitanda ukuta ukaota madoa meusi. Asubuhi akifungua dirisha, rangi ya ukuta ilikuwa ikitoka jasho.

Watu walimwambia paa linavuja. Halivuji. AC ina kazi mbili: kushusha joto na kukausha hewa. Kukausha kunahitaji muda, kwa sababu hewa lazima ipite tena na tena kwenye koili baridi mpaka mvuke wake ugeuke maji na kutiririka nje kwa bomba. Mashine kubwa kupita kiasi hufikia nyuzi ulizoiwekea ndani ya dakika chache, kompresa inazima, na feni inayapeperusha yale maji yaliyobaki kwenye koili yarudi chumbani. Unabaki na ubaridi wenye majimaji. Unashusha rimoti hadi 18 ukitafuta nafuu, kuta zinazidi kupoa, na hewa ya pwani ikiingia inagusa ukuta baridi na kuacha umande.

Na kukausha ndiko kulikoleta mashine hizi duniani. Mwaka 1902 Willis Carrier alibuni mtambo wake kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, ambako karatasi zilikuwa zinavimba kwa unyevu na rangi hazikai mahali pake. Wafanyakazi kupata ubaridi halikuwa lengo.

AC za inveta zimepunguza tatizo kwa kuwa hupunguza mwendo badala ya kuzima. Hazijalimaliza. Nazo zina kiwango cha chini ambacho haziwezi kushuka zaidi ya hapo, na ikiwa chumba kinahitaji kidogo kuliko hapo, zitawaka na kuzima vilevile.

Chumba cha dada kina mita za mraba 14. Mwongozo wa Energy Star, mpango wa serikali ya Marekani, hupendekeza takriban BTU 6,000 kwa chumba cha ukubwa huo, uongeze asilimia 10 kikipigwa sana na jua, na 600 kwa kila mtu anayezidi wawili. Chini ya bati la Tegeta ningeongeza zaidi ya hapo, na bado BTU 9,000 ingetosha. Dukani wataiita hospawa moja, na 12,000 wataiita moja na nusu.

Hilo bati ndilo ninalotaka tulizungumze kuliko mashine yenyewe. Joto la mchana la Dar mara chache huvuka nyuzi 34, wakati Houston mwezi Agosti 35 ni kawaida na 38 haishangazi mtu. Hewa ya nje siyo adui yetu mkubwa. Kinachotupika ni jua: bati la saa saba mchana linaweza kuvuka nyuzi 60, na chini yake mara nyingi kuna jipsamu tupu. Fedha ya kupanda kutoka 9,000 kwenda 18,000 ingefanya kazi kubwa zaidi ikinunua sufi ya juu ya dari, pazia zito la upande wa magharibi, na kuziba yale matundu ya hewa juu ya dirisha. Luva za vioo zisizofunga vizuri zinaingiza unyevu usiku kucha, na hakuna BTU itakayoumaliza.

Tusichukue, tafadhali, tabia ya kupoza nyumba nzima. Hapa mashine moja husukuma hewa vyumba vyote, hata visivyo na mtu, kupitia mabomba yaliyolazwa kwenye dari lenye joto kuliko nje. Kwetu AC ya chumba cha kulala, inayowashwa saa nne usiku mlango ukiwa umefungwa, ni mpango bora kabisa kwa mtu anayenunua umeme kwa LUKU.

Fundi asipotaka kupima, pima wewe. Andika urefu, upana na kimo cha chumba, dirisha linatazama wapi, juu kuna bati au zege, mnalala wangapi, kuna friji au jiko humo. Mpe karatasi hiyo, umwambie akuonyeshe hesabu. Ikishafungwa, weka kidumu chini ya bomba la maji usiku wa joto. Kikiwa karibu kikavu asubuhi na shuka zina unyevu, mwite arudi.