Nani Alishika Kamera?

Waswahili husema macho hayana pazia. Kamera inalo, tena zito, na mwenye kulivuta ni yule aliyeishika. Kwa hiyo mimi nikitazama filamu ya hali halisi, swali langu la kwanza si "Ninaona nini?" bali "Ni nani aliyenichagulia nione hiki, na kile kingine kimekwenda wapi?"

Chukua filamu ya Kiingereza iitwayo Caravans: A British Love Affair, iliyoonyeshwa na BBC Four mwaka 2009. Inasimulia mapenzi ya Waingereza kwa karavani, yaani kile kijumba cha magurudumu kinachovutwa na motokaa, chenye vitanda, meza na jiko ndani yake. Hapo awali karavani ilikuwa anasa ya watu wachache. Baada ya Vita Kuu ya Pili motokaa ziliongezeka, Sam Alper akatengeneza karavani za bei nafuu zilizoitwa Sprite, na hatimaye karibu robo ya Waingereza waliokwenda likizo wakawa wanalala katika vijumba hivyo.

Mbinu za filamu hii si ngeni. Yuko msimulizi tusiyemwona, wako watu wazima wanaokumbuka ujana wao, na katikati zimepachikwa picha za zamani, zikiwamo zile walizojipigia watu wenyewe wakiwa safarini. Picha za nyumbani namna hii hutikisika, rangi zake zimechujuka, nasi huziamini upesi kwa sababu hazina ufundi. Tunajiambia kwamba baba anayepiga picha wanawe hana haja ya kumdanganya mtu.

Lakini hebu tufikirie chombo alichokuwa nacho baba huyo. Kamera za nyumbani za miaka ya 1950 zilitumia mkanda mwembamba wa milimita 8. Roli moja ilikwisha kwa dakika nne hivi, ilikuwa ghali, nayo ilitaka mwanga mwingi. Nani angeiharibu roli yake kwa kupiga picha mvua ikigonga paa, watoto wakigombana ndani na vioo vimejaa ukungu? Alingoja jua litoke. Ndiyo maana katika mikanda ya familia likizo za Uingereza, nchi ya mawingu na manyunyu, zina jua siku zote. Hakuna aliyekusudia kusema uongo. Mkanda wenyewe ulipenda jua.

Jambo la pili ni sauti. Mikanda hiyo ilikuwa bubu. Ile ya Super 8 yenye sauti ilianza kuuzwa mwaka 1973 tu. Basi ukisikia muziki mtamu chini ya picha za familia za mwaka 1955, ujue umewekwa baadaye na mtu aliyekaa katika chumba cha kuhariri. Yeye ndiye anayekuambia sasa ucheke, sasa uone huruma, sasa utamani siku zilizopita. Jaribu kuzima sauti, msomaji wangu, kisha utazame tena. Utamwona mama akiinama kwenye jiko dogo, na utajiuliza: hii ilikuwa likizo ya nani?

Hapa ndipo ninapoisifu filamu hii. Miongoni mwa wanaohojiwa wamo wanawake waliosafiri na karavani zao peke yao katika miaka hiyo hiyo ya 1950. Maneno yao yanapokutana na picha zile bubu, mwanamke wa zamani haonekani tena kuwa pambo la likizo ya mumewe. Picha ilikuwa imehifadhi sura. Ushahidi wa mtu aliye hai ndio uliorudisha nia, woga na furaha. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa ya uhariri: kuyakutanisha mambo mawili ambayo kila moja, likiwa peke yake, lingetupotosha.

Nasema hivi kwa sababu nyumbani kwetu iko albamu ya harusi ya dada yangu. Picha ni arobaini na mbili, wala mama hayumo hata katika moja. Mgeni akiifungua atadhani bibi harusi alikuwa yatima. Kumbe mama alikuwa nyuma ya nyumba tangu alfajiri, kwenye masufuria ya pilau, na mpiga picha hakutumwa kule. Shangazi ndiye anayejua jinsi mama alivyoichungulia ndoa kupitia dirisha la stoo, mwiko mkononi, akilia na kucheka. Mama ametutoka. Shangazi sasa ni mzee na sauti yake inafifia.

Juzi nimemnunulia mjukuu wangu daftari, nikamtuma kwa shangazi akaandike. Picha zitangoja, karatasi haina haraka. Koo la mtu halingoji.